Wa Tatu Kwenye Daraja la Mbao

Jua lilikuwa limeshakalia matete nilipokwenda kumtoa Mwalimu kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Hifadhi yetu hufungwa saa kumi na mbili jioni, lakini mstaafu huyu, mgeni wetu wa kila mwezi, akishaweka darubini machoni, hata umwambie nyumba yake inaungua atakuambia subiri.

"Bado kidogo, binti yangu. Kuna korongo wawili hapa wanagombana kama mawifi."

Nilicheka. Wifi yangu ndiye mlinzi wa lango, na hatujawahi kugombana. Tangu kaka yangu apotee kwenye bwawa hili miaka minne iliyopita, tumebaki kushikiliana. Kaka alikuwa mwongoza wageni kama mimi. Aliingia kumfuata mgeni aliyechelewa. Mgeni akatoka, yeye hakutoka. Wapo waliosema amezama. Wapo waliosema amefichwa na wachawi, yu hai mahali. Mwili haukuonekana.

Tukashika njia ya kurudi: daraja la mbao, jembamba, la kupita mmoja mmoja. Mimi mbele, Mwalimu nyuma yangu.

Katikati ya daraja, ndege wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja...

Nikasikia mbao zikilia. Hatua zangu. Za Mwalimu. Kisha nyingine, nzito, zenye maji. Chwap... chwap... chwap...

Harufu ya tope la chini ikanijia, lile lisiloona jua.

"Binti," Mwalimu akanong'ona, "kwani mwenzako alikuwa wapi?"

"Mwenzangu yupi?"

"Huyu nyuma yangu. Amenishika shati."

Nikakaza macho mbele. "Usigeuke, Mwalimu. Tembea."

"Mkono wake una baridi..."

"Tembea tu."

Moyo ulitaka kugeuka. Kama ni kaka je? Na kama si kaka? Nyuma yetu kitu kikavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, kikaita jina.

Halikuwa langu. Halikuwa la Mwalimu.

Kilimwita wifi. Tena kwa jina lile la chumbani, la kaka peke yake, nililowahi kulisikia mara moja tu, kupitia ukutani.

Wifi alikuwa amesimama langoni, anatuhesabu kwa kidole kama kila jioni. Mmoja. Wawili.

Kidole kikabaki hewani.

"Funga, wifi," nikamnong'oneza tulipopita. "Funga haraka."

Hakufunga. Machozi yalikuwa yanamtiririka. Akasogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenye nyumba.

"Miaka minne, wifi. Unataka nifunge?"

Baridi ikanipita begani. Sikuona mtu.

Chini ya taa ya lango nikaligeuza shati la Mwalimu. Mgongoni palikuwa na alama ya mkono, tope jeusi bichi. Nikahesabu vidole. Nikahesabu tena.

Sita.

Kaka alikuwa na vidole vitano, kama wewe.

Wiki ya pili sasa wifi haji kazini. Jana nilikwenda kwake. Mapazia yamefungwa, kizingiti kimelowa. Hakunifungulia. Nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango, nikamweleza habari ya vidole.

Akasogea karibu na ufa.

"Najua," akasema, taratibu sana. "Usiseme kwa sauti... anasikia."