Magunia ya Julai

Hadithi hii ni kweli tupu, na anayebisha aende Kerugoya akaulize. Mimi ni Hezekiah, mstaafu, na Shirleen ni mjukuu wangu; huniita Guka.

Kila Jumamosi adhuhuri, Shirleen alimpelekea mama yake, Murugi, githeri, mahindi na maharagwe, kiwandani huko Kerugoya. Murugi alifanya kazi katika chumba cha kukaushia njugu za makadamia, chenye tanuri kubwa na paa la mabati. Februari ile ilikuwa kali! Kuku akipita karibu na mlango, alitaga yai lililokwisha kuchemka.

"Nimeshikwa na kizunguzungu tena," Murugi alisema, jasho likimtiririka. "Msimamizi ameniambia nikianguka, nikae nyumbani kabisa. Ati mimi ni mgonjwa! Si mgonjwa, ninapikwa!"

Shirleen alimwendea msimamizi, Bwana Wambugu, kwa hasira. "Kwa nini hamnunui feni?"

"Feni si hiyo hapo? Inapuliza moto tu. Nimeomba paa libadilishwe, naambiwa ningoje. Hata mimi nimechoka, msichana."

"Ngoja, ngoja!" akafoka Wakiuru, mwenzake Murugi. "Tutangoja mpaka tuive!"

Shirleen alitoka nje, karibu kulia. Mama akifukuzwa, wangekula nini? Akaegemea ukuta wa upande wa mlima. Hapo upepo ulikuwa mwanana. Alipoinama, aliona matundu ya hewa chini ya ukuta, safu nzima, yote yamezibwa kwa magunia.

Akarudi mbio. "Nani ameziba matundu?"

Wanawake wakatazamana.

"Ni sisi," Wakiuru akasema polepole. "Julai kulikuwa na ukungu. Tuliogopa baridi ya kifua."

"Lakini sasa ni Februari!"

"Hewa ya mlima ni mbaya, hata Februari," Murugi akabisha.

"Mama, unatoka jasho, na bado umevaa sweta!"

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa Murugi. Baadaye naye akacheka, akavua sweta.

Wakang'oa magunia na kufungua madirisha ya juu, yaliyofungwa tangu msimu uleule. Hewa baridi ikaingia chini, ya moto ikatoka juu. Tanuri lilibaki tanuri, lakini watu walipumua. Bwana Wambugu akaweka pipa la maji ya kunywa, na muda wa kupumzika kivulini. Murugi hakuanguka, wala hakufukuzwa.

"Nimelaumu paa miezi mingi, wala sikuzunguka ukuta hata mara moja," Bwana Wambugu alimwambia Shirleen. "Shida ikikusumbua, tazama kwanza mikono yako mwenyewe imefanya nini. Na mtu akisema anaumwa na joto, usimwite mvivu wala mgonjwa. Msikilize kabla hajaanguka."

Siku hizi chumba kile ni baridi hivi kwamba Murugi ameniomba jiko la makaa.

"Guka!" Shirleen amechungulia nyuma yangu, akasoma ninayoandika. "Mama hajaomba jiko! Na hayo yote uliyasikia kwetu. Wewe ulikuwa mbali, Endarasha!"

Murugi naye amesikia. Anasema uongo kuhusu kiwanda chao una faini: mandazi kwa wafanyakazi wa zamu nzima. Basi niwieni radhi, natafuta kofia yangu niende dukani.