Jina Kwenye Sanduku la Barua

Siku yenyewe haikuwa na lolote. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimekaa kwenye cherehani yangu napinda sketi za shule, simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo, na mdogo wangu yuko upande wa pili wa dunia ananionyesha takataka.

Takataka, ndiyo. Kule aliko kila uchafu una pipa lake. Karatasi huku, chupa kule, maganda kwingine, na ukikosea jirani anakubandikia kikaratasi mlangoni bila hata kukusalimia. Nyumbani tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Alikuwa na mwaka na nusu ugenini, akifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee: anawaogesha, anawageuza kitandani, anawalisha wale ambao mikono imeshachoka kushika kijiko. Alijua kujaza fomu kabla hajajua kuomba maji. Bila karatasi wewe si mtu, aliniambia, na bila miadi huonani na mtu.

Mwanawe nilikuwa naye mimi. Miaka saba, jina la utani Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alisema akila, alisema akioga, alisema hata usingizini. Kila muhula nilimpima sare na kuandika vipimo vyake kwenye daftari langu, na hata hapo nilimwomba afunge domo nisije nikahesabu maneno badala ya sentimita. Kitinda alikuwa na haja moja tu duniani: amchukue mtoto wake akae naye. Mengine yote, baridi, migongo ya wazee, vikaratasi vya mlangoni, aliyavumilia kwa ajili hiyo.

Ushauri ulitoka kwa mpishi wa pale kazini, mtu wa kwetu aliyeishi huko miaka mingi.

"Usingoje mtoto afike ndiyo umwandikishe," alimwambia. "Foleni ya shule utazeekea humo. Mwandike kabisa kwamba anakaa kwako. Akifika, anakuta nafasi yake."

Jumamosi ile ya takataka Kitinda aliniuliza mimi. Nilicheka. Nikamwambia sisi tumekua tukiwekeana nafasi; mtu anaweka mfuko wake kwenye foleni, anakwenda zake, anarudi anaukuta. "Mwandike tu. Uongo huo utamuua nani?" Nayakumbuka maneno hayo kwa sababu sijapata siku ya kuyasahau.

Akamwandikisha. Ofisi ya makazi, shule, zahanati ya watoto, kote jina la Chiriku likaingia. Akanunua kitanda kidogo akakisogeza chini ya dirisha, akatandika, akaweka mswaki wa pili kwenye glasi. Na kwa kuwa kule tarishi haachi barua ya mtu ambaye jina lake halimo kwenye sanduku, akashuka ngazi akabandika jina la mwanawe chini ya lake. Alipiga picha akanitumia. Tulifurahi sana, mimi na yeye.

Jumapili iliyofuata alikuwa mapumziko, anakunja nguo. Jua liko nje. Mlango ukagongwa mara mbili, na sauti ya mtoto ikasema, "Hodi."

Katika jengo lile hakuna anayejua lugha yetu. Hilo lilimjia kichwani baadaye. Mdomo ulishatangulia. "Karibu," alisema, kama ambavyo mimi na wewe tungesema, huku mkono bado umeshika shuka.

Alipofungua, hakuna mtu. Palikuwa na viatu vidogo vyeusi vya kamba, vimepangwa sawasawa kwenye zulia la mlangoni, ncha zimeelekea ndani. Alidhani ni vya mtoto wa jirani. Akaviingiza ndani visije vikapotea, mwenyewe atavifuata.

Hakuna aliyevifuata.

Barua ya shule ilikuja baada ya siku tisa. Mwalimu alimshukuru mzazi kwa kumleta mtoto kwa wakati. Mtoto ana adabu, iliandikwa, anakaa vizuri, anakula vizuri, ila bado hajazungumza. Mzazi asiwe na haraka, watoto wageni huchukua muda.

Kitinda alinisomea barua ile mara mbili kwenye simu. Chiriku alikuwa miguuni pangu wakati huo huo, anamgombeza mwanasesere kwa kutonawa mikono.

"Wamechanganya watoto," nilisema. "Nenda uwaambie."

Alikwenda. Karani wa shule alimfungulia daftari la mahudhurio: yupo, yupo, yupo, kila siku ya masomo. Kitinda akauliza ni nani anayemleta. Karani alimtazama kama mtu anayetaniwa asubuhi mapema. "Wewe, mama," alisema, akamwonyesha sahihi. Ilikuwa sahihi yake.

Mwalimu akamsogeza dirishani. Watoto walikuwa uwanjani, wanakimbizana. Mmoja alisimama peke yake karibu na ukuta, amewapa mgongo. Nywele zimesukwa mistari minne, kama ninavyomsuka Chiriku mimi. Kitinda akaita. Wote waligeuka isipokuwa yule. Aliposhuka ngazi kengele ilikuwa imeshagongwa na uwanja ni mtupu. Kwenye korido, chini ya jina la mwanawe, koti dogo lilikuwa limening'inia. Alilishika. Lilikuwa na joto la mwili.

Tangu hapo aliacha kulala vizuri. Hakuwahi kumwona mtoto mle chumbani, na nilimuuliza hilo mara nyingi. Lakini mswaki wa pili ulikuwa unalowa. Mto wa kitanda kidogo ulikuwa na shimo la kichwa. Bwana mmoja wa ukaguzi wa makazi alikuja kupima chumba akiwa yeye kazini, na ripoti ikasema alifunguliwa mlango na mtoto.

Nikamwambia amfute. Afute kila kitu, aanze upya, tutapanga foleni kama watu wengine.

Unajua ofisi ya makazi walimjibuje? Mtoto aliyeandikishwa hafutwi kwa maneno. Mzazi aje naye ofisini. Wamwone, wagonge mhuri, ndipo atolewe. Akasema hana mtoto wa kuja naye. Karani aliyekuwa akimhudumia akaweka kalamu chini, akauliza polepole: "Mtoto umempeleka wapi?"

Kitinda alichukua mkoba wake akatoka. Akipiga kelele, watasema amepoteza mtoto. Akisema alidanganya, anafukuzwa kazini na nchini. Akipanda ndege arudi nyumbani, ameacha mtoto wa miaka saba peke yake chumbani, na kwa hilo wanakamata mtu pale pale uwanja wa ndege. Mpishi alijaribu kumwombea kwa mtu anayemfahamu pale ofisini. Alirudi amenywea, akamwambia asimtaje tena katika jambo lile. Mimi nilikuwa nalia huku, yeye analia kule, na hakuna kati yetu aliyekuwa na la kufanya.

Miadi ya viza ya Chiriku ilikuwa imeshapangwa. Nilimpeleka ubalozini. Nilijiambia wakimwona yule wa kweli, kwa macho, mambo yatajinyoosha yenyewe. Njia nzima aliongea: mbuzi, gari, mwalimu wake anayepiga chafya kama baragumu. Nilimwacha aseme.

Afisa alikuwa muungwana. Alimwinua Chiriku, akamwekea vidole kwenye kioo, kimoja kimoja. Akatazama kompyuta. Akavirudia.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ameshaingia."

"Ameingia wapi? Si huyu hapa?"

"Alama za vidole zinasema yuko kule tangu mwezi wa tatu. Anasoma. Amechanjwa." Akageuza kompyuta nione. Picha ilikuwa ya Chiriku. Mistari minne. Mdomo umefungwa kabisa.

Afisa akamtazama Chiriku tena, safari hii bila tabasamu. Akachukua kitambaa akakifuta kioo pale alipoweka vidole. Alikifuta muda mrefu.

Kurudi nyumbani Chiriku hakuongea. Tulipofika mlangoni alinivuta gauni.

"Mama mkubwa," alinong'ona. "Mimi niko wapi?"

Nilimwambia uko hapa, mwanangu, uko na mimi. Nilimkumbatia sana. Alikuwa mwepesi.

Baada ya hapo maneno yalianza kumwishia. Mwanzo aliacha kuongea usingizini. Kisha bafuni. Kisha mezani. Daktari alimchungulia koo, masikio, akasema mtoto ni mzima. Siku moja nilimkuta na plasta ndogo kwenye bega la kushoto. Nilipoibandua palikuwa na kidonda cha sindano. Hakuna aliyemdunga sindano hapa.

Muhula ulipoanza nilimpima sare. Nikadhani nimeshika utepe vibaya. Nikampima tena. Nikafungua daftari la vipimo, nikalinganisha na muhula uliopita.

Alikuwa amepungua sentimita tatu.

Sikumwambia Kitinda. Nilitaka kumwambia, lakini simu zake zilikuwa zimebadilika. Alikuwa anacheka. Alikuwa amenenepa. Nyuma yake nilisikia sauti ya mtoto ikiongea, ikiongea, haipumziki, inamgombeza mtu kwa kutonawa mikono. Nilipouliza ni nani, aligeuza simu ikatazama dari.

"Dada, nimechoka kuogopa," alisema. "Nilipoacha kukataa, akaanza kusema. Ananiita mama."

"Mwanao yuko huku, Kitinda. Yuko hapa miguuni pangu."

Ile sauti nyuma yake ikakatika, kana kwamba inasikiliza. Kisha mdogo wangu, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Dada, huyo uliye naye hapo ni mtoto wa nani?"

Nilikata simu. Nilitazama chini. Chiriku alikuwa ananitazama, na nilijua amesikia.

Hiyo ilikuwa simu ya mwisho yenye maana. Siku hizi Kitinda hunitumia salamu za mkato, kama anazomtumia mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Mwezi uliopita alituma kifurushi. Sweta la mtoto, limechakaa viwikoni. Barua ilikuwa ya mistari miwili: mwanangu limembana, anakua haraka, mpe huyo mtoto unayekaa naye.

Nilimvalisha. Mikono ya sweta ilimpita vidole, na chini lilimfika magotini.

Wiki iliyopita mchana nilikuwa nimekaa kwenye cherehani. Yeye kwenye mkeka, ndani ya sweta lile, anapanga vifungo bila kutoa sauti. Ana miezi minne hajatamka neno. Nje jua kali, watu wanapita, mlango nimeurudishia tu.

Ukagongwa mara mbili.

"Hodi," sauti ikasema.

Ilikuwa sauti ya Chiriku. Ile ya zamani, ya mbuzi na gari na mwalimu wa chafya. Ningeijua hata nikiwa nimekufa. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, neno liko kwenye ulimi. Nikauziba kwa mkono.

Nikamtazama aliyekuwa mkekani. Midomo yake imefungwa. Macho yameelekea mlangoni na machozi yanamtoka, na hakuniitikia kwa kichwa, wala hakunikatalia.

"Hodi," ikarudia. "Mama mkubwa, ni mimi."

Sikuitika. Niliogopa. Kama ni yule wa kule amekuja kumalizia kilichobaki, basi nilifanya vyema. Lakini kama ni sauti ya mwanangu iliyojikokota njia yote ile kurudi kwa mwenyewe, nimeifungia nje. Mtu wa kumuuliza sina. Iligonga mara ya tatu, ikangoja, ikaacha.

Nilipofungua, palikuwa na viatu vyeusi vya kamba kizingitini, vimepangwa sawasawa, ncha zimeelekea ndani. Soli zimelika kwa mwendo. Sikuviingiza. Sikuvitupa.

Tangu siku hiyo mteja akipiga hodi simwitikii. Nainuka nafungua mwenyewe, na wanasema nimekuwa na maringo. Viatu bado viko pale. Asubuhi hii vilikuwa vimegeuzwa ncha zikaelekea barabarani, na ndani ya kiatu cha kulia palikuwa na kifungo kimoja kutoka kwenye kopo langu. Chiriku alikuwa bado amelala, na mlango nilikuwa nimeufunga kwa komeo; sijui ni nani aliyeingia, au ni nani anayejiandaa kuondoka.