Marehemu Alimsalimia Mume Wangu Kwenye Kompyuta

"Umechelewa, mume wangu. Chai ipo kwenye chupa."

Maneno hayo yalijiandika kwenye kompyuta ya dukani asubuhi, mimi nimeshika pasi.

Sikuyaandika mimi...

Aliyeyaandika alizikwa kabla sijaolewa.

Jamani, mume wangu ni dobi. Marehemu mke wake alikuwa fundi wa kompyuta, ndiye aliyetunga, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu inayochapa namba za nguo za wateja na kumsalimia mumewe kila asubuhi. Mume wangu aliniapia salamu ile ameifuta kwa mkono wake.

Sasa hii ni nini?

Akaapa tena. Nikafungasha begi, nikaliweka nyuma ya mlango.

Ila mimi si wa kukurupuka. Nikamwita kwanza wifi yangu, dada yake, anayetutunzia hiyo kompyuta na Linux, mfumo unaoiendesha.

Akacheka. "Wifi, unalionea wivu faili?"

"Namwonea wivu aliyeliandika."

Akaacha kucheka.

Akanieleza kwamba kaka yake hakudanganya. Alifuta maandishi kweli. Lakini programu ikishawekwa, mashine huyageuza maandishi kuwa lugha yake, ikajifichia nakala ili iwahi kusoma. Nakala ile haikuwa kwenye orodha ya kifurushi cha programu, yaani mafaili yanayowekwa na kuondolewa pamoja. Maandishi yakafutwa, nakala ikabaki... inasema peke yake.



Akasema siku hizi wanaotengeneza vifurushi wamebadilisha. Kifurushi kipya kinakuja na nakala zake tayari, zote zinajulikana. Kikiondolewa, kinaondoka na vyake. Ile ya zamani angeifagia yeye.

"Nikiweke?"

"Kiweke, wifi."

Kesho yake nikatangulia dukani. Kompyuta ikawaka. Kimya. Nikapumua, nikawaza begi nilirudishe kabatini.

Mume wangu akaingia. Akasimama mbele ya kioo kitupu cha kompyuta, hakujua kama nipo nyuma ya mashuka.

"Nimechelewa kweli," akakiambia, taratibu.

Halafu mkono wake ukaenda juu ya rafu, ukapapasa pembeni ya sabuni, unatafuta chupa ya chai. Tangu niolewe, pale hapajawahi kuwa na chupa.

 

Dada zangu mnaoolewa na wafiwa, msipoteze nguvu kufuta picha na salamu. Maandishi yanafutika. Nakala mume anatembea nayo mwenyewe, na hiyo hakuna wifi wa kuifagia.

Begi bado liko nyuma ya mlango.

Leo nimeweka chupa kwenye rafu. Chai yangu mimi, tangawizi nyingi. Nimekaa nyuma ya mashuka... nangoja nione atamshukuru nani.