Komeo la Upande wa Nje

Mwandishi Kaarlo Vesterinen alipatikana chini ya ngazi za ghala la vitabu la maktaba muda mfupi kabla ya saa nane mchana, watu wa mji mdogo wa Hietaselkä wakiwa wamekwisha kukaa ukumbini wakimsubiri aje awasomee. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika, na damu ilikuwa ikimtoka kichwani ikilowesha kola ya shati. Alikuwa hai, lakini hakumjibu mtu.

Mpelelezi Raili Mustajoki alifika ambulensi ikiwa inaondoka. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, sauna yake ya kuogea mvuke alikuwa ameshaiwasha, na kituo cha polisi cha mji ule kilikuwa kimebakiwa na yeye peke yake. Alikung'uta theluji viatuni, akamtafuta mkutubi mkuu, Tuulikki Saarnio, aliyekuwa amejibanza nyuma ya rafu za vitabu vya watoto akilia kimyakimya.

"Nieleze polepole, Tuulikki. Ulijuaje kwamba yuko chini?"

"Nilimtafuta kila mahali. Nilipopita ushorobani nikasikia mtu anaguna. Nikavuta komeo, nikawasha taa, nikamwona pale chini."

"Ulivuta komeo."

Tuulikki aliinua macho. "Nimesema hivyo?"

"Umesema sasa hivi."

"Basi pengine nimekosea. Pengine mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Raili, nilichanganyikiwa, usinishike kwa kila neno. Unajua halmashauri inatafuta sababu ya kutufunga. Wakisikia wageni wetu wanasukumwa ngazini, tumekwisha."

"Nani kasema alisukumwa?"

Tuulikki alipenga kamasi.

Raili alikwenda kuutazama mlango. Komeo lilikuwa la chuma, upande wa ushorobani, gumu hata akalazimika kutumia mikono miwili. Aliubamiza mlango kwa nguvu, akaubamiza tena, na komeo halikusogea hata kidogo. Kujifunga lenyewe haliwezi. Na mtu aliyeteleza akavunjika mguu hawezi kupanda tena, akapita kwenye mlango, akaufunga kwa nje, kisha akarudi kulala chini.

Akampigia simu mkuu wake, Hyvärinen, aliyekaa mji mkubwa.

"Andika ajali," alisema Hyvärinen. "Ngazi za zamani, mzee wa watu, basi."

"Ajali haifungi komeo."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Kapelekwa hospitali."

"Kamuulize, umalize. Huku tuna kesi za maana."

Ushoroba ule ulikuwa na milango mitatu: choo, ghala na jiko. Jikoni alikuwamo Sinikka Pohjola, msusi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyechemsha kahawa na kuoka skonzi za iliki kila maktaba ilipopata mgeni. Hata nywele za Raili alikuwa akizikata yeye. Kila Raili alipokaa kwenye kile kiti chake walizungumza juu ya hali ya hewa, na kamwe hawakumtaja Eero, mtoto wa pekee wa Sinikka, aliyezama ziwani miaka kumi na moja nyuma, barafu ilipompasukia. Siku ile Raili alikuwa askari mgeni kazini, na alikuwa miongoni mwa waliomtoa.

Sasa Sinikka alikuwa akipangusa kahawa iliyofurika mezani na kutiririka hadi sakafuni.

"Ulikuwa hapa muda wote?" Raili aliuliza.

"Ningekuwa wapi? Skonzi hazijikati."

"Ngazi ni za chuma, Sinikka. Mtu mzima akianguka pale, jumba zima linalia."

"Mtambo wa kahawa nao unapiga kelele. Sikusikia kitu."

"Na hii kahawa?"

"Imemwagika." Alikikamua kitambaa kwenye sinki. "Mambo humwagika."

Aliyefuata kuhojiwa alikuwa Olavi Kyllönen, fundi bomba mstaafu aliyechapisha mashairi kwa gharama yake mwenyewe. Wiki iliyotangulia alikuwa ameandika gazetini kwamba Vesterinen ni mwizi, na anayemleta mwizi maktabani asishangae akipata kipigo. Mji mzima ulikuwa umekwisha kumhukumu, na ukweli ni kwamba Raili naye alitamani awe yeye, arudi kwenye sauna yake.

"Saa saba na nusu mpaka mwandishi alipopatikana ulikuwa wapi, Olavi?"

"Kwenye kipaza sauti."

"Ukifanya nini huko?"

"Nikisoma mashairi yangu. Mgeni kachelewa, watu wamekaa kama magogo, nikaona niwasaidie. Waulize."

Raili aliwauliza. Kila aliyekuwa ukumbini aliapa, kwa uchungu, kwamba Olavi hakuondoka kwenye kipaza sauti hata baada ya kuombwa.

"Mwizi ulimwita kwa nini?" Raili alimrudia.

"Majira ya baridi mwaka juzi alikuja hapa kutufundisha uandishi. Tulikuwa wachache, mimi, Sinikka, na wale wazee wa kwaya. Akachukua kazi zetu, eti atazisahihisha. Mpaka leo. Mimi langu lilikuwa shairi la mabomba, sidhani kama kalitumia. Lakini kuchukua kalichukua."

"Mbona hukuja kituoni?"

"Nije niseme nini? Kwamba nimeibiwa mabomba? Ungecheka, Raili."

Hakumbishia, maana kweli angecheka.

Hospitalini alimkuta Vesterinen kafungwa bandeji kichwani, mguu umening'inizwa.

"Niliteleza," alisema mwandishi kabla hajaulizwa.

"Ulikwenda ghalani kufanya nini?"

"Kutafuta utulivu kidogo kabla ya kusoma."

"Nani alifunga komeo nyuma yako?"

"Komeo gani? Andika niliteleza, mama, uniache nipumzike."

"Mtu aliyekusukuma anatembea mtaani, nawe unamlinda?"

"Hakuna mtu." Akafumba macho.

Raili alitoka nje ya chumba akakaa kwenye benchi. Alihisi anatwanga maji kwenye kinu. Mkuu wake alitaka ajali, mkutubi alitaka ajali, na sasa majeruhi mwenyewe alitaka ajali. Kwa hasira tu, apate la kufanya, akakifungua kitabu kipya cha Vesterinen alichopewa na Tuulikki. Ilikuwa riwaya juu ya mvulana anayezama ziwani. Hilo alikuwa amelisikia, na halikumshtua. Watoto wa nchi ile huzama kila mwaka. Alisoma akiruka kurasa mpaka alipofika mahali mvulana anapotolewa majini. Hapo akarudi nyuma, akasoma tena, neno kwa neno.

Mvulana wa kitabuni alikuwa amevaa glavu yake mkono mmoja, na mkono wa pili glavu nyekundu ya mama yake, kubwa kumzidi, kwa kuwa asubuhi ile alikuwa amepoteza moja na mama akamvulia ya kwake.

Raili aliiona glavu ile. Yeye ndiye aliyeivua. Haikuandikwa gazetini, hakumsimulia mtu, na mzamiaji aliyekuwa naye alikwisha kufariki. Zaidi yake yeye, aliyebaki akijua ni mmoja.

Akarudi ndani.

"Glavu nyekundu uliitoa wapi, bwana Vesterinen?"

Mwandishi alifumbua macho, kisha akageuza uso ukutani. "Kichwani mwangu," alisema.

Asubuhi ya pili Sinikka alikwenda maktabani kuchukua sinia zake. Raili alimkuta jikoni, akaufunga mlango, lakini Tuulikki aliwaona na kujipenyeza ndani bila kuombwa.

"Umekisoma kitabu chake, Sinikka?" Raili aliuliza.

"Nimekisoma."

"Ulichomwandikia darasani kimo humo."

"Kimo chote. Kanibadilishia jina tu, na mtoto akambadilishia rangi ya nywele." Sinikka aliendelea kupanga sinia. "Sikuwahi kuyasema yale kwa mtu. Hata kwa baba yake Eero. Yule bwana alisema andikeni lile msiloweza kulisema, nami kama mjinga nikaandika."

"Jana ulimwita."

"Nilimwomba tuzungumze faragha. Tukasimama juu ya ngazi za ghala. Nikamwambia, sitaki kitu, kabla hujaanza kusoma waambie tu kwamba yule mtoto ni wangu. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. Akasema, 'Ungeweza kuiandika vizuri, mama, nisingelazimika kukuandikia.'"

"Ndipo ukamsukuma."

"Kwa mikono hii. Nikamsikia anavyokwenda mpaka chini. Nikamsikia anaguna, ndiyo maana nikafunga komeo. Nikarudi kukata skonzi. Kahawa ilikuwa imeshafurika."

Tuulikki alikaa kwenye stuli. "Mimi sikusikia lolote," alisema kwa haraka. "Mwenyewe anasema aliteleza. Kwa nini tusiache hivyo? Raili?"

Raili alisugua uso. Tangu jana alikuwa akiufukuzia ukweli huu kwa hasira, na sasa ameushika, hajui auweke wapi.

"Tuulikki hakukosea, Sinikka. Yule hatakushitaki, maana akifungua mdomo itabidi aseme kwa nini. Mkuu wangu naye anataka ajali. Komeo limetajwa na Tuulikki tu, naye kesho atalikana. Ukinyamaza, yamekwisha."

"Ukiandika aliteleza, umempa Eero," alisema Sinikka.

Akazikusanya sinia mikononi, akaendelea.

"Atapona, atazunguka maktaba zote za nchi hii na fimbo yake, na watu watamlilia. Watamuuliza aliwezaje kumjua mtoto vile, naye atasema ni kichwani mwake. Mimi nataka kushitakiwa. Mahakamani lazima waniulize kwa nini, na jibu langu litaandikwa kwa jina langu."

"Wanaweza kukufunga. Ulimwacha kule chini anavuja damu."

"Najua nilichofanya. Sijakwambia unionee huruma."

"Nitaitwa shahidi," alisema Raili. "Nitawaambia kwamba ile glavu niliivua mimi."

Sinikka aliziweka sinia chini.

"Ilikuwa bado imemkaa?" aliuliza. "Ilikuwa kubwa. Siku zote nimewaza kwamba ilimtoka mapema, mkono ukapata baridi."

"Ilikuwa imemkaa. Ilibidi niivute."

Sinikka aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu, kama anayehesabu. Kisha akachukua koti lake msumarini, akalivaa na kulifunga vifungo vyote mpaka shingoni.

Walipofika kwenye gari simu ya Raili ikalia. Alikuwa Hyvärinen.

"Vipi, umeshaandika ile ajali yetu?"

Raili alimfungulia Sinikka mlango wa mbele, akangoja mpaka akae vizuri.

"Si ajali," alisema. "Alisukumwa, na aliyemsukuma ninaye hapa. Sababu ni ndefu. Tafuta kiti ukae."