Paja la Bosi Lilipovimba

Nyumbani kwetu pasi haipoi. Mume wangu ni dobi. Mtaa mzima unamwita Dobi, na mimi nimezoea. Yeye anafua, mimi napiga pasi, mama yake anakunja. Chumba cha mbele ni cha nguo za watu. Cha nyuma tunalala sisi, tukipata nafasi ya kulala.

Siku hizo nafasi hiyo haikuwepo. Tulikuwa na mtoto mchanga wa kiume, hajafikisha miezi miwili. Tulimwita Bosi, kwa sababu akilia kazi zote zinasimama. Nilikuwa nimechoka hoi. Nilikuwa napiga pasi shati ambalo nilishalipiga, halafu nalikunjua nalipiga tena.

Asubuhi moja nikampeleka Bosi kliniki kupata chanjo. Alidungwa sindano mapajani, akatiwa na matone mdomoni. Muuguzi alitueleza habari za homa, lakini watoto walikuwa wanalia pande zote na mimi nasinzia nimesimama. Nilichoshika ni kimoja tu, kwamba mwezi ujao turudi.

Mchana Bosi akaanza kulia. Paja la kushoto lilikuwa jekundu, limevimba. Mwili ulikuwa wa moto.

"Ametoka hapa mzima, amerudi mgonjwa," alisema Dobi. "Basi ndiyo mwisho. Kliniki harudi tena."

"Wamesema arudi mwezi ujao."

"Arudi nani? Nenda wewe ukadungwe."

Sikuwa na nguvu ya kubishana, lakini roho iliniuma. Namjua mume wangu. Akishakata shauri, kumgeuza ni kazi. Na mtoto nilitaka apate chanjo zake zote.

Mama mkwe hakupoteza maneno. Alichukua kitambaa, akakipitishia pasi mpaka kikawa cha moto, akakibandika pajani. Bosi akapiga yowe. Dobi naye akaleta blanketi zito la mteja, akamfunika gubigubi. Ndivyo ilivyo nyumba yenye pasi. Kila ugonjwa dawa yake ni joto.

"Mama, anaungua," nilisema.

"Haungui. Huyu mumeo nilimkanda hivi hivi, na amekuwa jitu zima."

Jioni Sista akaja kuchukua sare zake. Ni muuguzi wa kliniki ile ile, na sare zake tunamfulia sisi. Aliposikia kilio alipita moja kwa moja mpaka chumba cha nyuma.

"Huyu mtoto mmemfunga pamoja na nguo za wateja?" aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Alimfunua, akaona kitambaa, akaona na ngozi ilivyoiva.

"Shikamoo, mama. Nani amekanda hapa?"

"Marahaba. Mimi."

"Mama, hapa tayari pana moto wa sindano. Tukiongeza wa pasi, tutamwunguza. Msikande, msisugue, msipake kitu."

Akatoa kipimajoto kwenye mkoba, akakiweka kwapani kwa mtoto, akakisoma. "Homa anayo, lakini ndogo. Na nyingine mmempa nyinyi kwa hili blanketi."

"Si umeona?" alisema Dobi. "Sindano imemletea ugonjwa."

"Si ugonjwa, Dobi. Mwili wake unajifunza kupigana na ugonjwa, ndiyo maana unapata joto. Paja linauma, na yeye analialia. Kwa kawaida ni siku moja au mbili. Kinundu kinaweza kubaki pale kwa muda. Kiacheni, kitaisha chenyewe."

"Sasa tufanyeje?" niliuliza.

"Mvishe nguo moja nyepesi. Mnyonyeshe kila anapotaka. Chovya kitambaa kwenye maji ya baridi, ukikamue, ukiweke juu ya paja bila kukandamiza. Dawa ya homa msimpe kwa kubahatisha. Kliniki watawaambia kama anaihitaji, na kiasi gani, kulingana na uzito wake."

"Na tutajuaje kama imezidi?" aliuliza mama mkwe.

"Akipata degedege. Akipumua kwa shida. Akikataa kunyonya, au akilegea. Akilia saa nyingi na habembelezeki. Homa ikipanda sana, au ikipita siku mbili. Hapo msiningoje mimi na sare zangu. Mkimbizeni hospitali."

Dobi bado alikuwa amenuna. "Sawa. Lakini amechanjwa mara moja, inatosha."

"Haitoshi. Kinga inaongezeka kila anapochanjwa. Ukiishia njiani, pepopunda inaweza kumpata, dondakoo inaweza kumpata, hata kifaduro."

"Kifaduro?" Mama mkwe aliacha kukunja shuka.

"Kile kikohozi kinachomkaba mtoto mpaka anakosa pumzi, mama."

Mama mkwe akakaa juu ya furushi la nguo safi. Sijawahi kumwona akikalia nguo za watu.

"Dada yako," alimwambia Dobi. "Yule uliyemfuata kuzaliwa. Alikohoa hivyo hivyo. Nikamkanda kifua, nikamfunika, nikamkanda tena. Hakupona." Akamgeukia Bosi. "Huyu atarudi kliniki. Kama wewe hutaki, nitampeleka mimi."

Dobi aliokota blanketi la mteja, akalirudisha chumba cha mbele.

Nilimvua Bosi, nikamnyonyesha. Mama mkwe alichovya kitambaa kwenye maji ya baridi, akakiweka pajani taratibu, kama anayeogopa kukosea. Kilio kikapungua, kikawa manung'uniko. Kesho yake homa ilishuka, na uvimbe ukaanza kunywea.

Mwezi uliofuata Dobi hakungoja kuambiwa. Alimbeba mtoto mwenyewe, mimi nikamfuata nyuma. Kliniki alimsikiliza muuguzi mpaka mwisho, na njia nzima ya kurudi alinifundisha kama vile mimi sikuwepo. Nilimwacha afundishe.

Mchana Bosi alichemka kidogo, paja likavimba kidogo. Mama mkwe alikuwa ameshaandaa bakuli la maji na kishati chepesi. Nilimnyonyesha, kisha nikanyoosha mkono kuchukua pasi. Mama mkwe akaiwahi.

"Ameshiba?"

"Ameshiba, Mama."

"Basi kalale. Hizi nguo hazina homa."

Nikalala, mchana kweupe. Nilipoamka, Bosi alikuwa anasinzia kifuani kwa bibi yake, Dobi anakunja shuka, na pasi ilikuwa imepoa.