Gugu Karoti na Maua ya Mama

Mvua za kwanza ziliponyesha, Dhanmaya alikamua nyati wao wa kufugwa, akafagia ua, kisha akasimama mbele ya kitalu chake. Siku alipoolewa alikuja na mbegu za maua ya sayapatri kutoka kwa mama yake. Ah, siku zile! Sikukuu ya Tihar, dada wanapowabariki kaka zao, ikifika, ua lote lilikuwa la rangi ya chungwa. Alitunga shada kama Mama alivyomfundisha, akamvisha mdogo wake, Lokman.

Mama alifariki Lokman akiwa kazini ughaibuni. Tihar hii anarudi. Lakini kitalu kimemezwa na gugu karoti, na mbegu zimebaki kiganja kimoja tu.

"Nimeling'oa lote!" alisema mumewe, Purna, akilitupa gugu pamoja na maua yake meupe kwenye shimo la samadi. "Likioza, tutarutubishia kitalu chako."

"Baba Sarita," Dhanmaya alimjibu, "kila mwaka wimbo ni huohuo, na kila mwaka linaongezeka. Mikono yako imejaa vipele mpaka nyati anakuonea huruma."

Jirani yao Indira, wa ofisi ya kilimo, alicheka kutoka kwenye uzio. "Shemeji, adui humuui, unamlisha! Likishatoa maua, lina mbegu. Mbegu hazifi kwenye samadi. Ukiimwaga kitaluni, umelipanda upya."

Dhanmaya alifumba kiganja chenye mbegu. "Mbegu hizi zikipotea, sina nyingine. Nifanyeje?"

"Vaeni glovu, funikeni pua na mikono. Lenye maua msilikung'ute. Litieni kwenye mfuko mzito wa plastiki, mfunge, muuache juani mpaka lioze kabisa. Msilitupe mtoni wala barabarani. Machipukizi yang'oeni kabla hayajatoa maua. Na samadi hiyo msiitumie, chukueni yangu."

"Samadi ya kuomba! Watu watanicheka," Purna alinung'unika. Lakini mficha uchi hazai. Alivaa glovu, akaanza kufukua shimo ili alitoe gugu na kulitia mfukoni. Dhanmaya akapanda mbegu zake kwa samadi ya Indira.

Msimu mzima, kila mvua ilipokatika, Dhanmaya alipita kitaluni akang'oa machipukizi yangali madogo. Gugu lilipungua. Vipele vya Purna vilipona. Sayapatri zikachanua.

Siku ya Tihar, Lokman aliketi mkekani. Dhanmaya alimvisha shada. Lokman aliliinua puani, akalinusa.

"Dada, haya si ya Mama?"

"Ni yake."

Hakuwahi kumlilia mama yao. Sasa alilia, na dada yake akamwacha alie kwanza, ndipo akampaka tika, alama ya baraka, kwenye paji la uso.