Kichwa cha Sato Hakikupimwa

Tabibu-pezi aligeuka ubavu, akapenya katikati ya sato elfu kumi, na hakuna hata sato mmoja aliyeshtuka. Alikuwa samaki wa mashine, mwenye urefu wa kiganja na nusu, magamba ya bati laini, mkia wa mpira, na macho sita kichwani. Aliwahesabia pumzi mmoja mmoja, akaonja ute wa ngozi zao. Kisha, kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akawachoma wote. Wazima kwa wagonjwa.

Juu ya kizimba, Dakta Minza Lushinge, mkaguzi wa samaki wa ghuba, alikaa, akasimama, akakaa tena. Kiti hakikumkubali siku hiyo.

Hii ni Mwanza ya miaka ijayo, watu wanapita hewani kwa vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, juu ya yale majabali. Ghuba yote imejaa vizimba vya samaki. Ufukweni kuna Ubongo wa Ghuba, mashine ya kufikiri, ndiyo inayowatuma matabibu-pezi elfu tatu. Iliagizwa jambo moja tu: samaki asife. Nayo ikatii. Mwanzoni ilimtibu mgonjwa, halafu ikajifunza yenyewe kwamba ni rahisi zaidi kumdunga kila samaki dawa kabla hajaumwa.

"Mwaka wa tisa huu, Dakta, hatujaokota sato aliyekufa," alisema Mhandisi Mugeta, mkuu wa matabibu-pezi. "Binadamu tungepata mganga kama huyu, makaburini tungelima mchicha. Mbona hucheki leo?"

"Mguu wa mwanangu hauponi, Mugeta. Nicheke nini?"

Mtoto mwenyewe ni Holo, miaka minane. Alikanyaga mwiba wa samaki uani kwa bibi yake. Mwiba tu, jamani! Nani hapa hajachomwa na mwiba wa samaki? Unaosha kwa maji ya chumvi, unafunga kitambaa, kesho mtoto anaruka kamba. Lakini Holo hakuruka kamba. Siku arobaini zilipita, na kidonda kikazidi kupanda kutoka kidoleni kwenda unyayoni.

Mchana ule Minza alimbeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari alikuwa bibi mmoja mwenye sauti ya taratibu, na sauti ya taratibu ya daktari inatisha kuliko kelele.

"Mama, tumempa dawa tatu. Vijidudu vya kidonda hiki vinazifahamu zote, ni kama vimekaa nazo nyumba moja. Huyu mtoto amekuwa akinywa dawa gani nyumbani?"

"Hanywi dawa yoyote."

"Anainywa, mama. Kidogo kidogo, kila siku. Damu yake ndiyo imesema." Akamwonyesha jina la dawa kwenye kioo cha mashine.

Minza alilisoma lile jina. Ilikuwa dawa ya samaki wake.

Akamwacha Holo kitandani, akakimbilia maabara. Pale kulikuwa na kisomanyama, mashine ya kuonyesha kama dawa imebaki katika nyama ya samaki. Minza alikata mnofu wa mgongoni kama alivyokata kwa miaka ishirini na miwili, akauweka. Taa ya kijani. Akakata wa samaki wa pili. Kijani. Wa kumi, kijani. Akapima maji ya bomba, maziwa, unga wa uji. Kijani tupu. Sasa dawa inapitia wapi? Alizunguka meza mpaka akasahau kwamba hajala.

Jioni akaenda kwa mama yake, Bibi Kalunde, kuchukua nguo za mtoto. Jikoni sufuria ilikuwa inatokota.

"Mpelekee mjukuu wangu mchuzi," alisema Bibi Kalunde. "Vichwa vitatu vimo humo. Mtoto mgonjwa anataka mchuzi wa kichwa."

"Mama, anakula samaki kila siku?"

"Asile ana nini? Wewe mwenyewe umekulia haya haya mapanki, vichwa na mifupa."

"Lakini samaki nimempima, mama. Mnofu ni safi kabisa."

Bibi Kalunde akaweka upawa chini, akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama mgeni. "Mnofu? Tangu lini mtaa huu ukala mnofu, Minza? Mnofu unapanda ndege. Sisi tunakula kinachobaki. Au usomi umekusahaulisha ulichokuwa unanyonya mifupani?"

Minza alichomoa kichwa kimoja kwenye sufuria, kikiwa bado cha moto, akakifunga kwenye khanga, akarudi maabara karibu anakimbia. Akakiweka kwenye kisomanyama. Taa ikawa nyekundu. Akachukua ngozi ya samaki mbichi. Nyekundu. Ini. Nyekundu iliyokoza.

Sheria ya upimaji ilining'inia ukutani: *Kipimo kitachukuliwa kwenye mnofu wa mgongoni.* Chini yake palikuwa na saini ya aliyeiandika. Ilikuwa ya kwake. Aliiandika akiwa msichana mwenye shahada mpya, mwaka ambao samaki wa vizimba vyote walikufa asubuhi moja. Wanunuzi wa ng'ambo wakauliza kama nyama ni salama, naye akawajibu wao. Hakuna aliyeuliza kuhusu vichwa. Yeye, mtoto wa mapanki, naye hakuuliza.

Kesho yake alimkuta Mugeta kwenye kizimba, akamweleza yote. "Zima matabibu-pezi."

"Dakta, usinitanie. Hawa sato wamezaliwa kwenye sindano. Miili yao haijui kupigana na ugonjwa hata siku moja. Nikizima, watakufa wote."

"Najua. Ni mimi niliyewalea hivyo."

"Basi tuwaambie watu wasile vichwa! Tutupe mapanki, tuendelee na mnofu."

"Uwaambie mama zetu wapike nini, Mugeta? Na maji ya ghuba je, si ndiyo wanayooga watoto? Ubongo unatusikiliza wewe na mimi tu. Weka kidole chako hapa kwenye kioo cha amri, mimi naweka changu."

Mugeta ana mapacha nyumbani. Akaweka kidole.

Siku ya tatu ghuba ikawa nyeupe kwa matumbo ya samaki. Harufu ikapanda mpaka kwenye vibanda vya waya. Na siku hiyo hiyo, hospitalini, walikata nusu ya mguu wa Holo ili kuokoa iliyobaki.

Minza alipopita sokoni akimrudisha mtoto nyumbani mgongoni, mama mmoja muuza mapanki aliinuka nyuma ya meza tupu.

"Ndiye huyu! Msomi aliyeua samaki! Tule vyeti vyako?"

Minza aligeuza mgongo, akafunua khanga, mguu uliofungwa bendeji ukaonekana. Yule mama akavuta binti yake mdogo kutoka chini ya meza, akamgeuza kichwa. Sikio lilikuwa linatoka usaha.

"Mwezi wa nne huu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni wangu peke yake."

Muuza nyanya akaja na mtoto wake, kidonda gotini. Wa mkaa akaja na wake. Wakajipanga, na hakuna aliyewaita.

Minza hapimi samaki tena. Anatembea mtaa kwa mtaa, hatulii, hakai hata akipewa kiti. Akikutana na mtoto yeyote njiani, kabla ya salamu, humtazama miguu.